Nimepunguzwa kiwandani, nianzie wapi?

Wakuu, kamwene. Nipo Mafinga, umri miaka 47. Tangu 2006 nilikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha chai Mufindi, majuzi tumepunguzwa. Shemeji anataka kiinua mgongo chote kiende kwenye parachichi, mke wangu anataka tununue mashine ya kusaga. Watoto wawili wapo sekondari. Usingizi sina. Nishaurini.

Jibu:
Pole sana kaka. Kabla ya shamba, fuatilia haki zako. Kiinua mgongo kisheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, mwisho miaka 10, kwa hiyo usipigie hesabu miaka yote. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) waulize fao la kukosa ajira. Na kama utaratibu haukufuatwa, CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi) unatakiwa ufungue shauri ndani ya siku 30 tangu uachishwe. Barua yako ina tarehe ngapi? Wahi!

Jibu:
Nalima parachichi aina ya Hass, Njombe. Mche wa kubebesha (uliounganishwa) unaanza kukupa kitu cha kueleweka mwaka wa tatu hivi. Ada haisubiri. Panda kidogo, sehemu nyingine weka viazi, ndani ya miezi minne umevuna. Ukiuza, kataa lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo).

Jibu:
Mashine za kusaga zimejaa, mkeo anisamehe. Wewe ni fundi, mkuu! Hapo Mafinga viwanda vya mbao vimejaa na mashine zinaharibika kila siku. Zunguka uache namba yako.

Muulizaji:
Ahsanteni. Siku 30 hazijaisha, kesho asubuhi naenda CMA Iringa mjini.