Mama alikuwa amekaa mbele yao, faili likaandikwa "Hakufika"

Wakuu, nina hasira na sina mpango wa kuzificha. Anayetafuta lugha laini apite tu.

Faili la mama yangu la kliniki ya moyo linasema, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Hakufika." Siku hiyo hiyo mama yangu, miaka 81, alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, hatua tano kutoka kaunta ya mapokezi, mtandio umemwanguka begani, anamuuliza kila anayepita choo kiko wapi. Tulichelewa dakika 25. Jina lilikuwa limeshaitwa mara mbili likapita. Dada wa mapokezi hakuinua hata kichwa: "Mtapangiwa tarehe nyingine." Na waliotakiwa kumwona daktari kabla yetu bado walikuwa wamekaa pale pale kwenye benchi wanasubiri! Yaani sisi tukichelewa hatukufika, wao wakichelewa ni foleni.

Sasa niwaambie hizo dakika 25 zilitoka wapi.

Miadi ilikuwa saa mbili asubuhi. Mimi niliamka saa tisa na nusu usiku. Mama alipata kiharusi miaka sita iliyopita, upande wa kulia haumtii. Kumgeuza, kumsafisha, kumbadilisha pampasi, kumvalisha. Nguo unaanza kumvisha mkono mgonjwa ndipo mzima, maana ukianza na mzima utaishia kuuvuta ule mgonjwa kwa nguvu. Kisha unamkalisha pembeni mwa kitanda, miguu inagusa chini, na hapo unatulia. Mtu aliyezoea kulala ukimsimamisha ghafla presha inashuka. Ikishuka pointi 20 ile namba ya juu, au 10 ile ya chini, ndani ya dakika tatu za kusimama, hiyo ina jina lake kwa madaktari na ni moja ya sababu zinazowaangusha wazee. Kwa hiyo husimamishi mtu kwa kufuata saa ya ukutani, unasimamisha kwa kufuata uso wake.

Siku ile alipokaa tu akasema, "Naona giza." Nikamrudisha. Nikampa dakika tano. Akajaribu tena, giza. Nikaanza kuogopa kwamba ni kiharusi kingine, mpaka nilipoangalia meza ya pembeni na kukuta chupa yake ya maji imejaa vile vile nilivyoiacha jana mchana. Na kidonge cha asubuhi cha jana, kile cha kupunguza maji mwilini, amekificha ndani ya foronya.

"Mama, mbona hukunywa maji?"

"Mwanangu, nikijikojolea mbele za watu utanificha wapi?"

Nilikosa la kumjibu. Tangu alipoambiwa kwamba kesho kuna safari, yule mzee aliacha maji na dawa kwa makusudi, kwa sababu mara ya mwisho choo cha kliniki mlango wake haukupitisha kiti cha magurudumu na tulimaliza vibaya mbele ya umati. Mtu wa presha na moyo anajikausha mwenyewe ili asitie aibu. Halafu akifika amekauka, damu inaonekana mbaya, daktari anauliza kwa ukali, "Bibi, hunywi maji?"

Hapo ndipo dakika zangu zilipokwenda. Kumpa maji kidogo kidogo, kusubiri giza liondoke. Zinazobaki zililiwa na ngazi na dereva.

Ngazi ni habari fupi: tunakaa juu, lifti mbovu, vijana wawili wa jirani wakamteremsha kwenye kiti, mmoja mbele mmoja nyuma, Mungu awabariki. Dereva ndiye aliyenimaliza. Huu ulikuwa usafiri maalumu wa wagonjwa, tumeuomba wiki tatu kabla, tumejaza fomu. Anafika, anamwangalia mama, ananiambia, "Mimi kazi yangu ni kuendesha, kubeba siyo kazi yangu." Wanaita huduma ya mlango hadi mlango. Mlango gani? Mlango wa chini wa jengo hadi geti la hospitali. Kutoka kitandani hadi mlango wa chini ni juu yako. Kutoka getini hadi chumba cha daktari, nako ni juu yako. Yaani wamechukua kipande chepesi kuliko vyote, kile ambacho gari lolote lingefanya, wakakiita msaada kwa wasiotoka nyumbani. Anayeweza kushuka mwenyewe na kumngojea dereva barabarani si mtu wa kufungiwa ndani, huyo anahitaji teksi tu.

Simlaumu sana yule kijana, huenda hajafundishwa na akimwangusha mzee atafukuzwa. Aliyepanga huduma ndiye ninayemtaka. Tofauti kati ya dereva na msindikizaji ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Msindikizaji anajua kufunga breki za kiti kabla ya kumhamisha mtu, anakunja zile sehemu za kukanyagia, anaweka kiti upande wa mwili ulio mzima, na hamvuti mgonjwa wa kiharusi kwa kwapa, kwa kuwa bega la upande uliopooza linateguka kirahisi. Akiteremka mteremko anageuka na kushuka kinyumenyume ili uzito wa mgonjwa uegemee mgongo wa kiti na asimwagike mbele. Anatandika mfuko wa plastiki kwenye siti ya gari ili makalio yateleze mzee ageuke bila kujikunja mgongo, kisha anautoa kabla gari halijaondoka. Ni mambo ya kujifunza mchana mmoja! Halafu anaingia na mgonjwa ndani, anasikiliza daktari anasema nini, anaandika. Wazee wangapi wanarudi nyumbani na dawa mpya bila kujua ile ya zamani iendelee au iachwe?

Hiyo ilikuwa kliniki ya moyo. Nikaanza kuandika kwa ajili yake lakini ukweli ni kwamba meno ndiyo yaliyonikata maini.

Kwa karibu miezi minne mama alikuwa anakonda. Tukapima sukari, tukapima damu, tukabadilisha dawa. Kila mtu aliyemwona alisikiliza kifua na kupima presha, hakuna hata mmoja aliyemwambia afungue kinywa. Siku moja natandika kitanda nakuta meno yake ya bandia yamefungwa kwenye leso chini ya mto. Yalikuwa yanamchubua. Alikonda, fizi zikapungua, meno yakaanza kucheza, yakamchubua, akala kidogo zaidi, akakonda zaidi. Na kwenye meno yake machache yaliyobaki, mawili yameoza pale kwenye mizizi, karibu na fizi. Dawa nyingi za wazee hukausha mate, na mate ndiyo yanayolinda meno. Ongeza na huyu wangu anayekwepa maji ili asisumbue watu, upate picha kamili.

Basi nikapiga simu kliniki ya meno. Swali la kwanza: "Anaweza kupanda kwenye kiti chetu?" Hawezi. "Anaweza kulala chali?" Hawezi, akilala chali anakosa pumzi, moyo wake haufanyi kazi vizuri. Kimya. Kisha: "Basi mlete tu tutaona." Mlete tu tutaona! Mtu anayehitaji watu watatu kutoka kitandani unamwitia "tutaona"? Tulimleta. Wakaona. Wakasema kiti chao hakiwezekani, waandike rufaa. Safari nzima ile kwa ajili ya sentensi ambayo ingesemwa kwenye simu.

Na wasiniambie hakuna njia. Mtu anaweza kutibiwa meno akiwa amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, kichwa kimeshikiliwa na egemeo la kufunga nyuma. Kuna dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi inayopakwa kwenye jino lililooza ili uozo usiendelee, haihitaji kuchimba jino, haihitaji ganzi wala umeme. Inaacha weusi kwenye jino, ndiyo, lakini bibi wa miaka 81 mwenye maumivu hajali weusi. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Daktari wa meno anaweza kuja nayo nyumbani kwenye begi dogo, amalize, aende zake. Badala yake tunabeba binadamu mzima ngazi kwa ngazi kupeleka jino.

Ninachodai si makubwa. Anayepanga miadi aulize mgonjwa anatokaje kitandani kabla ya kumpa saa mbili asubuhi. Mpeni saa tano. Kama ana kliniki tatu kwenye jengo moja, ziwekwe siku moja, msimtoe mara tatu. Kama mnataka tu kumsomea majibu ya vipimo, pigeni simu. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu hakihitaji mtu kufunga kula, basi msimwambie mzee wa insulini aje tumbo tupu halafu mkamwone adhuhuri akiwa anatetemeka. Na choo. Kabla ya kununua televisheni ya ukumbi wa kusubiria, panueni mlango wa choo.

Najua kuna mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, unaosema majengo na usafiri vifikike na huduma za afya ziwe karibu iwezekanavyo na watu wanakoishi. Mteremko wa pale getini kwao nimeupima kwa futi kamba. Kipimo kinachotumika sana ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda. Wao wana tano. Huo ni ukuta uliolazwa kidogo.

Na yule atakayekuja kuandika "ungemtoa mapema zaidi" namjibu kabisa: mapema zaidi ya saa tisa na nusu usiku ni jana. Halafu kila nusu saa unayomwongezea kwenye kiti ni nusu saa makalio yake yanagandamizwa. Nilimpeleka na ngozi nzima, nikamrudisha na wekundu kwenye kitako ambao ulichukua siku nne kuisha. Tulienda kutibiwa, tukarudi na ugonjwa mpya karibu.

NYONGEZA: Mdau hapo chini kauliza kwa nini tusiache dawa ya mama ya kuzuia damu kuganda kabla ya kung'oa hayo meno mawili, maana aliambiwa hivyo kwa babu yake. Ndugu, usiache kwa kuambiwa na mtu wa simu. Kuiacha kunaweza kuleta kiharusi kingine, na damu ya jino moja au mawili daktari huwa ana njia za kuizuia pale pale. Aamue daktari wa meno pamoja na anayemwandikia hizo dawa, waongee wao kwa wao. Nayo hiyo ni kazi nyingine tuliyoachiwa sisi, kubeba ujumbe kati ya milango miwili iliyoko kwenye korido moja.

Tarehe mpya ya moyo imekuja jana kwa ujumbe wa simu. Saa mbili asubuhi, tena. Nimepiga kuomba ibadilishwe, nimeambiwa mfumo hauruhusu, na mgonjwa akiandikwa "hakufika" mara mbili anaondolewa kwenye orodha. Mama amesikia maongezi yote akiwa kitandani. Baada ya muda akaniita, akaniuliza ni siku gani hasa, ili ajue lini aache kunywa maji.

Kama kuna mtu hapa aliwahi kufanikiwa kufutiwa hilo neno kwenye faili, aniambie alimwandikia nani na aliandika nini. Nina wiki mbili na nusu.