Neno la siri lenye alama linakataa usiku tu, nisaidieni

Kijana_wa_Umoja: Wadau, nimekwama. Bakapu ya mysqldump (programu ya kunakili database ya MySQL) kwenye seva ya duka la vipuri, Kirinyaga Road. Neno la siri limejaa alama. Nikipiga amri kwa mkono inakubali. Usiku, inapojiendesha yenyewe, hata faili halipo. Bosi anataka kuona bakapu kesho saa mbili. Hizi alama nazikwepaje?

Kamba_Mbili: Nukuu moja. Ndani yake kila alama hubaki ilivyo: -p'Neno'. Usiache nafasi baada ya -p, la sivyo utaulizwa neno upya na hilo lako litachukuliwa kuwa jina la database. Nukuu mbili hazizuii $: "Chai$50" inageuka Chai0, maana $5 ni hoja ya tano (kitu cha tano ilichopewa skripti), haipo, inabaki ile 0 ya mwisho. Ukitaka nukuu moja ndani ya nukuu moja, funga, weka \' kisha fungua tena: 'ng'\''ombe'.

Mama_Seva: Neno la siri kwenye mstari wa amri ni kukosa adabu. Linabaki kwenye historia, na kabla programu haijalificha mtu anaweza kulinasa kwa ps, amri ya kuorodhesha programu zinazoendeshwa. Liweke kwenye faili la mipangilio ~/.my.cnf chini ya [client], chmod 600 (wewe tu usome na kuandika). Lifunge kwa nukuu humo, maana # ikitokea kinachofuata huhesabiwa maoni.

Makanga_Mstaafu: Neno lenye $, ! na %? Hilo ni tusi la stage.

Kijana_wa_Umoja: Nukuu moja ninazo tayari. Nilipata pia "event not found". Naona niweke duka123 yaishe. Bosi nishamdokezea.

Shaka_Tupu: Hii umetunga. "Event not found" hutoka ukiandika ! kwa mkono kwenye bash (programu inayopokea amri zako) bila nukuu moja, maana ! huita amri ya zamani kutoka historia. Usiku hakuna anayeandika, kwa hiyo historia haiguswi. Tena ulisema kwa mkono inakubali! Amri imekaa wapi hasa?

Kijana_wa_Umoja: Sijatunga. Hiyo ni siku nilipojaribu nukuu mbili. Amri iko ndani ya crontab (orodha ya kazi za kujiendesha kwa ratiba) yenyewe, nzima. Na ndiyo, neno lina %.

Kamba_Mbili: Sasa ndiyo unasema! Cron, inayoendesha hiyo orodha, haijali nukuu zako. Hukata amri kwenye % ya kwanza, na kinachofuata huipa amri kama ingizo. Nukuu inabaki wazi, sh (inayotekeleza amri) inakataa, na ile > bakapu.sql ya kuandika faili imekatwa pamoja na mkia. Faili lingetoka wapi? date +%F (ya kupata tarehe) nayo hufia hapo hapo. Andika \%, au afadhali hamishia amri kwenye skripti ya chmod 700 (wewe tu uisome, uiandike na kuiendesha), crontab iite skripti tu. Ndani ya skripti usiweke \.

Kijana_wa_Umoja: Nimeweka \%, nikapanga dakika mbili mbele. Faili limetokea. Ila duka123 nitaiweka tu, bosi keshaizoea.

Mama_Seva: Kwa dakika mbili?

Makanga_Mstaafu: Hata mimi nishaizoea.