Hoteli Malindi yataka kumwajiri kijana mwenye ulemavu wa akili: tuanzie wapi?

Msimamizi_Dobi (Malindi)

Salaam aleikum wanajukwaa. Hoteli iko upande wa Casuarina, ina wafanyakazi 60. Meneja amesikia kwamba sheria mpya yatutaka tutenge nafasi za watu wenye ulemavu. Kuna kijana wa miaka 22 aliyesoma kitengo maalumu, na twaonelea aje dobi kukunja taulo na kupanga mashuka. Hana kitambulisho wala kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Nauliza: ni nafasi ngapi zatuhusu? Akiwa hana kasi ya wenzake, anaweza kulipwa nusu? Babake ataka mshahara uingie kwenye simu yake yeye mzee, yafaa? Na kazi tumfunze vipi?

Karani_wa_Ajira (Kilifi)

Waaleikum salaam. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua mahali pa ile ya 2003, yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5. Kwenu ni watu 3. Ulemavu wa akili umo humo, sawa na wa viungo, wa macho au wa masikio. Wakuu wa ajira wengi humtafuta mwenye mkongojo tu, huyu wa akili akasahauliwa kabisa, na hilo si haki.

Nusu mshahara, hapana. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu na kinataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kama siku nzima itamchosha, punguzeni saa, si kiwango: aanze na saa nne, kila saa kwa bei ile ile ya mwenzake.

Mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uandikwe. Kifungu cha 9 kimewafikiria wasiosoma: mwajiri ahakikishe umeelezwa kwa lugha anayoielewa mfanyakazi, na akitia kidole gumba, awepo shahidi asiyekuwa mwajiri. Msomeeni polepole, kisha yeye mwenyewe aseme kwa maneno yake anaanza saa ngapi na atalipwa nini. Kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita. Kinaongezwa tu akikubali, na jumla isipite kumi na miwili.

Mshahara ni wake. Mtu mwingine anapokea ikiwa tu mfanyakazi mwenyewe hayupo na ameidhinisha kwa maandishi. Mwambieni mzee kwa heshima kwamba hoteli haina ruhusa ya kufanya vinginevyo. Laini ya simu na isajiliwe kwa jina la kijana.

Msisumbukie sana msamaha wa kodi wa watu wenye ulemavu. Upo, hadi shilingi 150,000 kwa mwezi, lakini anayepata chini ya 24,000 kodi yake humezwa na nafuu ya kawaida ya 2,400. Asilimia 2.75 ya SHA (bima ya afya), 1.5 ya nyumba na NSSF (akiba ya uzeeni) ndizo zitakazomkata.

Mama_wa_Langoni (Lamu)

Hapo pa karatasi ndipo watu hukwama, kwa hivyo fuateni mpangilio: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, tathmini ya hospitali ya serikali, kisha usajili wa Baraza kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Bila kitambulisho hana laini wala benki.

Mkienda kwa chifu kuomba kitambulisho, jamaa wamwache ajibu mwenyewe jina lake na la babake. Wakimsemea kila neno, karani huona hajiwezi na kuwarudisha. Kutojua kusoma hakumnyimi mtu kitambulisho.

Hospitalini msiende mikono mitupu. Ulemavu wa akili hupimwa kwa mambo matatu: uwezo wa kufikiri na kujifunza, namna mtu anavyojimudu kila siku, na kwamba ulianza utotoni. Daktari hawezi kuyaona yote kwa nusu saa. Chukueni ripoti za shule na ya kituo cha tathmini ya elimu, EARC. Kabla ya muhuri, angalieni fomu imejazwa ulemavu wa akili na si ugonjwa wa akili. Kosa hilo hutokea sana, hasa mtu akiwa pia na kifafa. Pigeni simu kwanza kuuliza kamati ya tathmini ya hospitali inakaa siku gani. Kwa wa huku visiwani ni muhimu zaidi: boti za Faza na Kizingitini hungoja maji yajae kupita mlango wa bahari wa Mkanda, na ukikosa kamati siku imekwenda.

Mwalimu_wa_Kitengo (Gede)

Msimfunze darasani ndipo mumlete dobi. Anachojifunza kwenye meza ya shule hakihami chenyewe kwenda meza ya hoteli. Mleteni pale pale, na mtu mmoja tu wa kumwelekeza. Wasimamizi wawili wenye mikunjo miwili ndio huharibu kazi nyingi.

Anzeni na taulo za mikono na foronya. Shuka kubwa lataka watu wawili. Kateni ubao wenye upana wa rafu. Taulo inalazwa, ubao unawekwa katikati, upande mmoja unakunjwa juu yake, upande wa pili, ubao unachomolewa, kisha inakunjwa mara mbili. Picha ya kila hatua ibandikwe ukutani kwa mfuatano. Mfunzeni hatua ya mwisho kwanza, mumfanyie zilizotangulia, ili kila taulo aimalize yeye. Kisha ile iliyo kabla yake, mpaka mfike mwanzo.

Msimuulize "umeelewa?" Atasema ndiyo. Semeni "nionyeshe." Na "hakikisha panapendeza" si maagizo. "Rafu hii, taulo kumi" ndiyo maagizo.

Kasi ije baada ya usahihi. Mwelekezi aondoke kidogo kidogo: kwanza hatua mbili nyuma, kisha chumba cha pili, kisha apite mara moja kwa saa. Akiondoka ghafla kijana huanguka. Asipoondoka kabisa, kijana hungoja kuambiwa.

Dawa ya kung'arisha nguo asiiguse mwanzoni. Ikichanganywa na ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini. Wakati wake ukifika, kikombe kiwe na utepe mwekundu kwenye kipimo. Safari ya tuktuk nayo ifanyiwe mazoezi, na saa za kazi zikibadilika Ramadhani aambiwe wiki nzima kabla.

Kijana_wa_Barani

Si rahisi zaidi aende karakana ya wenye ulemavu, na familia ipate ile pesa ya serikali ya Inua Jamii?

Mwalimu_wa_Kitengo (Gede)

Ndugu yangu, ile shilingi 2,000 kwa mwezi ni ya mwenye ulemavu mkali anayehitaji kuangaliwa usiku na mchana, tena katika nyumba maskini. Huyu aweza kwenda kazini. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 27 kinasema kazi katika soko lililo wazi kwa wote. Karakana iwepo kwa anayeichagua.

Msimamizi_Dobi (Malindi)

Shukrani nyingi. Na kusi ikiingia, wageni wakipungua, wengi huenda likizo bila malipo; naye je?

Karani_wa_Ajira (Kilifi)

Akubali kwa maandishi kama wenzake, tena asiwe wa kwanza kuondolewa kwa sababu ya hali yake. Mpeni kalenda iliyotiwa alama siku ya kurudi, na msimamizi wake ampigie simu siku mbili kabla.