Radi inachoma swichi kila msimu: faiba ya bei rahisi, saji protekta ama wairelesi?

mwalimu_wa_lab (Vihiga)
Wadau habari zenu. Naomba mnisaidie kuamua kabla mvua za Machi hazijashika. Shule yetu iko juu ya kilima, na huku Maragoli mnajua vile radi hupiga. Rauta iko ofisini, lab ya kompyuta iko ng'ambo ya uwanja kama mita 70 hivi, tulivuta kebo ya netiweki ya kawaida juu kwa juu toka paa hadi paa. Kila ikinyesha ile ya ngurumo tunakuta poti ya swichi imekufa ama swichi nzima, na mvua ya mwisho ilienda na madabodi pia. Cha kushangaza hakuna mti wala jengo lililopigwa! Fundi mmoja anataka saji protekta pande zote, mwingine anasema kebo ya shildi, mwingine wairelesi, halafu kuna kijana ananiambia faiba na midia konvata. Faiba si ni ya makampuni makubwa jameni? Pesa ni ya BOM, bodi ya shule, na mnawajua.

kondele_netiweki
Mwalimu, si lazima radi ikupige ndo uungue. Ikianguka hata shamba la jirani, volteji ya ardhi inapanda pale ilipoangukia kuliko kwingine, na hiyo waya yako ndefu iliyo hewani nayo inaokota yake. Ofisi iko na ethi yake (ile waya ya kumwaga stima ardhini) na lab iko na yake, zikitofautiana kwa volti elfu kadhaa hizo volti zitapita wapi? Kwa kebo yako. Poti ya netiweki iko na katransfoma ndani, kimeundwa kustahimili volti 1500 hivi, ikizidi sana inatoboka na chipu inafuata. Kebo ya shildi ndo usiguse kabisa, maana ukifunga shildi pande zote mbili umeunganisha ethi za majengo mawili kwa foili.

Faiba ni uzi wa glasi wa kubeba mwanga, haipitishi stima, na midia konvata ni kale kadude kanageuza data ya kebo ya netiweki kuwa mwanga na kuirudisha. Konvata ofisini, konvata lab, faiba katikati, kwisha.

nakuru_cctv
Hapo kwa "kwisha" sikubali, nitarudi. Kwanza zile zingine. Saji protekta ni kitu kizuri ikiwa ethi ni nzuri, kazi yake ni kumwaga ile volteji ardhini, sasa kama ardhi haipokei inamwaga wapi? Huku kwetu Nakuru udongo ni wa volkano, kiangazi unakauka nondo ya ethi inakaa tu kama mapambo. Nyinyi Maragoli ni mawe matupu, hiyo nondo utaigonga wapi? Halafu protekta huchoka, inakula shoti kadhaa kimyakimya na huwezi jua imekufa mpaka swichi ikuambie.

Wairelesi kwa mita 70 inafanya kazi poa, hata mvua haiisumbui kwa umbali huo, na kweli majengo yanatengana. Lakini umepandisha vifaa viwili juu ya paa na kila kimoja kiko na kebo ya PoE ya shaba (ile inabeba stima na data pamoja) inashuka hadi ndani. Kwa kilima chako mimi singeweka.

mama_saiba_luanda
Faiba si ya makampuni tena mwalimu. Pea ya konvata za giga haifikii bei ya swichi moja ya poti 24, na kebo ya kuvuta nje inauzwa ikiwa na vichwa tayari kutoka kiwandani, mita 100 unabeba kwa matatu, hakuna splaisi, yaani kuunga nyuzi kwa mashine. Angalia tu haya: konvata za nyuzi moja huja A na B, moja inatuma mwanga wa nanomita 1310 na nyingine 1550, ukiuziwa A mbili hazitaonana hata mfanye maombi. Giga na giga, usichanganye na za megabiti 100. Kichwa cha buluu kiingie kwa tundu la buluu, cha kijani ni kingine, kimekatwa mshazari. Chukua zile za kilomita 20 za kawaida, za kilomita 80 mwanga wake ni mkali mno kwa kauzi kafupi hivyo. Na usichungulie ndani, huo mwanga hauonekani lakini macho yanaumia.

nakuru_cctv
Nimerudi. Wengi wananunua faiba halafu wanarudisha chuma bila kujua. Shika ile kebo bapa nyeusi uikate uangalie: upande mmoja kuna waya nene ya chuma ya kubeba uzito, halafu katikati uzi wa faiba wenyewe umelala kati ya vijiti viwili vyembamba. Hivyo vijiti vinaweza kuwa chuma au plastiki ngumu, FRP. Enda dukani na sumaku, ikishika kijiti hiyo sio yako. Ile waya nene unaweza kuivumilia kama huna njia, lakini iishie huku nje ukutani, unaichana kutoka kwa kebo ndo uingize ndani bapa peke yake. Nimekuta mahali fundi ameipitisha hadi ndani akaifunga kwa kabati la chuma la swichi, vizuri kabisa na nati. Sasa hapo faiba ilinunuliwa ya nini?

sigalagala_boy
Na panya je? Na hiyo waya ya zamani si tuiache imechomekwa kama bekapu?

kondele_netiweki
Kwa panya, pitisha kebo ndani ya paipu, na nunua kebo ya nyuzi mbili, moja ikivunjika unahamia nyingine. Ya zamani TOA. Ikibaki imechomekwa pande zote mbili hujatenganisha kitu, na juu ya hiyo utaleta lupu kwa netiweki, data inazunguka bila kikomo mpaka inakwama.

mwalimu_wa_lab
Asanteni sana, nimeelewa. Sasa ofisini kwenyewe intaneti inatoka kwa antena iko paani, kebo inashuka moja kwa moja hadi kwa rauta. Hapo?

mama_saiba_luanda
Hapo watu huweka konvata mbili na pachi kodi fupi (kakebo ka faiba) katikati, ya upande wa antena inakuwa kafara. Ikiungua unanunua hiyo peke yake.

nakuru_cctv
Sawa lakini adapta zote mbili zisiwe kwa eksteshoni moja! Ukifanya hivyo umeunganisha tena kupitia stima. Nunua pachi kodi ya mita tano badala ya moja, bei ni karibu ile ile, ya antena ikae karibu na mahali kebo inaingilia na soketi yake, ya rauta ikae mbali kwa mini UPS, kale kabetri ka kushikilia stima ikipotea. Na radi ikija kwa laini ya stima faiba haitakusaidia, hiyo ni kazi ya protekta pale kwa meta na ethi ya maana. Kwa hivyo fundi wako wa kwanza hakukosea yote, alikosea mahali pa kuiweka.

sigalagala_boy
na kamera ya geti, ni PoE

kondele_netiweki
Faiba haibebi stima braza. Geti litahitaji soketi yake ama sola ndogo na betri. Sola ni poa zaidi, hakuna waya wowote unarudi ofisini.