Mrejesho: Ukoka wa uwanja umerudi, magugu ya ndago bado yapo

Wakuu, habari za siku. Mwezi wa tatu nilileta hapa shida ya uwanja wa mpira wa shule yetu: ukoka ulikuwa unakauka kwa mabaka, na kila siku mabaka yanapanuka, nami nikidhani ni upungufu wa maji. Ahsanteni sana kwa majibu yenu.

Aliyeniambia nijaribu maji ya sabuni ili kuona kama kuna wadudu, Mungu ambariki. Nilichanganya vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji kwenye lita 4, nikamwaga kwenye mita moja ya mraba pembeni ya baka, pale majani yalipokuwa bado mabichi. Hazikupita dakika 10, viwavijeshi wakaanza kupanda juu. Nilihesabu 23!

Nilipuliza dawa ya Bt (bakteria wanaoua viwavi) jioni, kwa kuwa viwavi hao hula majani zaidi usiku. Wadogo walikufa, ila wakubwa wengi walibaki, ikabidi tuwaokote kwa mkono. Pia tumeacha kufyeka hadi udongo uonekane. Sasa tunaacha sentimita 4. Baada ya wiki sita mabaka yamefunga, maana mizizi ilikuwa hai.

Chini ya mwembe nimeshindwa. Mlinionya kwamba ukoka hautaki kivuli, nikapanda tena hata hivyo, ukafa. Nyasi za Pemba, zinazovumilia kivuli, nilizopachika baadaye zimeshika.

Ndago ndiyo bado. Tukiing'oa, viazi vyake hubaki chini na kuchipua upya. Mwenye njia isiyodhuru ukoka, naomba anielekeze.