Askari wa Burma: mashujaa wetu au vibarua wa Mwingereza?

Mjukuu wa Keya: Ndugu zangu, nina swali. Babu alikuwa Keya (KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika wa huku kwetu), batalioni ya nne, ile ya Uganda, na katika Vita Kuu ya Pili akapelekwa Burma, Myanmar ya leo, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Wajapani walipovunjika kule Imphal, India, hao wetu ndio walioingizwa Bonde la Kabaw kuwafukuza, Agosti 1944, mvua haikatiki, malaria inalaza watu kuliko risasi. Desemba wakaingia Kalewa, na juu ya mto Chindwin likatandazwa daraja la Bailey, lile la kuunganisha vipande vya chuma, la futi 1,154. Wakati ule hapakuwa na la aina hiyo lililolizidi urefu. Binti yangu yuko sekondari, Hitler anamjua mpaka masharubu, Kabaw hajapata kuisikia. Je, tuwafundishe watoto kwamba hawa ni mashujaa wa Uganda, au tumwachie Mwingereza awakumbuke askari wake?

Muzee wa Katwe: Shujaa hupigania kwake. Mjapani alimkosea nini mtu wa Soroti? Walifuata mshahara, na mshahara wenyewe wa kubaguana: siku ya kuagwa jeshini, mzungu wa cheo kilekile alipewa kama mara tatu ya Mwafrika. Bado mnataka kuwaimbia. Tena hao ndio waliotuletea Kiswahili, lugha ya askari wa kupora watu, "lala chini, toa pesa".

Binti Bombo: Muzee, mpaka kwenye mshahara nilikuwa nakuitikia. Hapo mwisho umenitia kidole jichoni. Sisi nyumbani Kinubi na Kiswahili ndizo tulizolelewa nazo, na hatujamlaza mtu chini. Hayo matusi yako umeyaandika kwa lugha gani, ssebo?

Muzee wa Katwe: Nimeandika ili nawe uelewe.

Kijana wa Mbale: Samahani wakubwa. Divisheni hiyo si ndiyo ya Kifaru? Kama walikuwa ndani ya vifaru, mbu aliwapatia wapi?

Mwalimu wa Jinja: Kifaru mnyama, kijana! Kichwa cha kifaru kilikuwa alama yao ya begani. Wenyewe walikwenda kwa miguu, tope magotini. Na huyo wa Katwe ajiulize: divisheni moja ina watu wa Uganda, Kenya, Tanganyika, Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia). Alitaka waamrishwe kwa Kiganda?

Muzee wa Katwe: Kiganda kina kosa gani?

Binti Bombo: Haya, tumefika tulikokuwa tunakwenda.

Mjukuu wa Keya: Jamani, swali langu lilikuwa la mashujaa. Wapo hata wasioiona Burma. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail, imetoka Mombasa inakwenda Colombo, imebeba wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Nyambizi ya Kijapani ikaipiga karibu na Maldives, ikazama kwa dakika mbili hivi. Manowari za Mwingereza zikamwaga mabomu kuiwinda hiyo nyambizi palepale watu walipokuwa wanaelea. Walikufa karibu 1,300. Hao nao ni vibarua?

Afande Mstaafu: Kiswahili ni lugha ya nidhamu. Sisi jeshini hatukuulizana kabila. Na msisahau Burma ndiyo iliyompika Idi Amin, aliyekuja kuwa rais wetu, alikuwa akisema mwenyewe.

Mwalimu wa Jinja: Afande, heshima yako, lakini Amin aliingia Keya 1946. Mjapani alisalimu amri Agosti 1945. Alipigana na nani huko, nzi?

Mtu wa Koboko: Kwani wewe mwalimu ulikuwepo? Makaratasi ya mzungu unayaamini kama Kurani. Kila jambo la West Nile, kwao Amin, lazima mlipunguze.

Mwalimu wa Jinja: Sijapunguza West Nile, nimetoa 1945 kwenye 1946. Vijana wengine wa West Nile walikwenda Burma kwelikweli, na sifa zao ndizo anazovaa huyu aliyechelewa mwaka mzima. Wewe ndiye ungekasirika kuliko mimi.

Mtu wa Koboko: Usinifundishe kukasirika.

Muzee wa Katwe: Mnaona? Amin huyohuyo ndiye aliyekifanya Kiswahili lugha ya taifa, 1973. Nilisema nini?

Binti Bombo: Na katiba iliporekebishwa 2005 kikawekwa lugha rasmi ya pili, na 2022 baraza la mawaziri likasema kifundishwe shuleni kwa lazima. Hao nao ni Amin?

Kijana wa Mbale: Shuleni kwetu kilifundishwa na mwalimu wa hesabu. Alituambia "ng'ombe zangu wamekuja".

Afande Mstaafu: Huyo afungwe siku tatu.

Mjukuu wa Keya: Babu alirudi na blanketi, bakuli la bati na hicho Kiswahili mnachokitukana. Wali hakuugusa tena mpaka anakufa, alisema Burma aliula wa kutosha. Nimeuliza kama mtoto wangu amjue, mmenijibu ngeli.

Binti Bombo: Amjue, ndugu yangu. Lakini Muzee hajanijibu. Hapo Katwe ng'ombe zako unawauza kwa lugha gani?

Muzee wa Katwe: Sina ng'ombe, nauza vipuri. Na wateja wangu ni Wakongo, hawasikii kingine, nifanyeje?