Kozi ya pili baada ya Open Water: PADI, SSI, au nianze na uokoaji? (Niko Kigoma)

Kijana_wa_Bangwe

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa waliopita njia hii.

Niko Kigoma, upande wa Bangwe. Nina kadi ya Open Water, yaani ile ya kwanza ya uzamiaji, ya shirika la PADI, niliipata Nungwi, Unguja, miaka miwili iliyopita. Daftari langu lina mbizi 31, saba za Unguja na zilizobaki zote za humu Tanganyika. Nafanya kazi ya usaidizi kwenye mashua inayopeleka wageni kwenye mawe, wengine kuogelea na wengine kuzamia. Mwenye mashua amesema mwaka huu atanilipia kozi moja. Moja tu, ndiyo maana sitaki kukosea.

Nilichokwishaelewa ni hiki. Advanced Open Water ya PADI ni mbizi tano: ya kina na ya dira ni lazima, tatu unachagua mwenyewe, kisha kikomo chako kinatoka mita 18 kwenda 30. Kwa SSI, shirika jingine la mafunzo kama PADI, nimechanganyikiwa, maana naona majina mawili, Advanced Adventurer na Advanced Open Water Diver, na bei hazifanani hata kidogo. Halafu kuna mgeni mmoja Mwingereza aliniambia kwao, kwenye chama cha BSAC, kadi ya pili inaitwa Sports Diver na inafika mita 35. Hivi vyote ni kitu kimoja chenye majina tofauti?

Ninavyoitaka hiyo mita 30 nisiwafiche. Wageni wakifika wanauliza frontosa, yule samaki mwenye nundu kichwani na mistari myeusi. Wakubwa wake wanakaa chini. Mimi nimewaona mara moja tu, kivuli, nikiwa kwenye kikomo changu nawatazama wanavyoteremka kwenye giza la mawe. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Lakini kuna jambo lingine linanikaa moyoni. Mbizi yangu ya kwanza huku nilivaa risasi, vile vyuma vya kiunoni vya kukuzamisha, kilo nane, zile zile nilizozoea Unguja. Nilizama kama nanga. Masikio yaliniuma, nikawa natia hewa kwenye jaketi la kuelea na bado nashuka, mwenzangu yuko juu ananitafuta. Nilishika jiwe ndipo nikasimama, mita 16. Nikapanda na mtungi umebaki baa 30, karibu mtupu. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba maji matamu hayakubebi kama maji ya chumvi. Je, kuna kozi ambayo ingenifundisha hilo?

Mzee_Ujiji

Kijana, pole kwa mbizi hiyo, na ahsante kwa kuieleza bila kuificha. Mimi nilifundisha kuzamia Unguja miaka kumi na moja kabla ya kurudi nyumbani Ujiji, kwa hiyo nitasema ninayoyajua.

Si kitu kimoja. Neno "Advanced" ndilo linalowachanganya watu. Ile ya PADI ni kuonja: mbizi tano, siku mbili au tatu, unaondoka. Kwa SSI, inayolingana nayo ni Advanced Adventurer, nayo ni mbizi tano. Advanced Open Water Diver ya SSI ni daraja lingine kabisa: lazima umalize kozi nne kamili za fani na uwe na mbizi 24. Ndiyo maana bei zinatofautiana. Mtu mwenye ile ya SSI na mtu mwenye ile ya PADI wote watakuambia "mimi ni Advanced", na hawajapita njia moja. BSAC yenye hiyo Sports Diver ni chama cha klabu, wanafundishana polepole na wanaingiza uokoaji humo humo. Ni mafunzo mazuri sana, ila yanataka klabu na miezi, na wewe huna hiyo klabu hapa.

Sasa kuhusu zile tatu za kuchagua. Wengi huchukua mbizi ya meli iliyozama kwa sababu picha zake zinapendeza. Wewe wa nini? Meli mashuhuri iliyozama hapa kwetu, Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiinua 1924, na ndiyo MV Liemba. Chukua mbizi ya kuelea kwa usawa, na chukua ya mwinuko. Hiyo ya mwinuko ndiyo jibu la swali lako la mwisho, na walimu wengi wa pwani hawaigusi kwa kuwa wao wako usawa wa bahari.

Ziwa letu liko mita 773 hivi juu ya bahari. Kuanzia mita 300 hesabu za kuzamia zinabadilika, kwa sababu hewa ya juu ya maji ni nyepesi zaidi na naitrojeni uliyoinyonya chini inatoka kwa kasi ukipanda. Mita 30 za hapa, ukizipigia hesabu ya mwinuko na ya maji matamu, mwili unazichukua kama 32 za bahari. Inaonekana ndogo, lakini inakula dakika zako za chini. Kompyuta yako ya kuzamia, ile ya mkononi, hakikisha imewekwa maji matamu na inasoma mwinuko. Panda polepole, usizidi mita tisa kwa dakika, kisha simama mita tano kwa dakika tatu hata kama mgeni anakuvuta.

Risasi: mtu wa kilo 75 na vyombo vyake anapunguza kilo mbili hadi tatu akitoka baharini kuja huku. Usikariri namba. Pima mwenyewe kila ukibadilisha suti: simama wima majini, jaketi tupu, pumzi ya kawaida, maji yafike machoni.

Nesi_wa_Tabora

Naomba nitofautiane kidogo na mzee wangu, kwa heshima. Shikamoo.

Mimi ni muuguzi Tabora, nazamia nikiwa likizo. Kwa kozi moja ya mwaka, mdogo wangu, ningeanza na uokoaji. Rescue Diver ya PADI huwezi kuirukia, wanataka kwanza uwe na Advanced, au angalau Adventure Diver, daraja dogo kabla yake, yenye mbizi ya dira. Lakini Stress & Rescue ya SSI inampokea mwenye Open Water, na kadi yako ya PADI wanaitambua. Pamoja nayo utasoma huduma ya kwanza na kufufua moyo.

Sababu yangu ni hii: simulizi yako haikuwa ya kukosa mita 30. Ulikuwa mita 16, ndani ya kikomo chako, na hofu ndiyo ilikumaliza hewa. Kozi ya uokoaji inaanza hapo hapo, kumtambua mtu anayeanza kutapatapa kabla hajatapatapa, na mtu wa kwanza ni wewe mwenyewe. Tena unafanya kazi na wageni. Kigoma hakuna chemba ya shinikizo, kile chumba cha kutibia wazamiaji. Mtu akipata maradhi ya naitrojeni, yaani mapovu yake mwilini, hapo, dawa ya kwanza ni oksijeni safi kwa maski, na safari ya kumfikisha kwenye chemba ni ndefu. Muulize mwenye mashua: mtungi wa oksijeni upo mashuani? Umejaa? Nani anajua kuufungua?

Na jambo moja nililoliona kwa macho. Wageni wanazamia asubuhi, jioni wanapanda treni kuja huku. Tabora ni takriban mita 1,200, kwa hiyo bado unapanda. Ndege ndiyo kabisa: masaa 12 baada ya mbizi moja, 18 kama umezamia mara nyingi. Nilimpokea kijana mmoja bega linamuuma na vidole vimekufa ganzi, alizamia mara tatu siku hiyo. Alipona, lakini sitaki kumpokea mwingine.

Mzee_Ujiji

Marahaba, mwanangu. Umenishinda kwa haki. Nilijibu kama mwalimu, nikasahau kwamba mashua zetu hazina alichokuwa nacho mwalimu wa Unguja. Kijana, msikilize dada yako. Mwenye mbizi 31 hapungukiwi kitu akichelewa mwaka mmoja kufika mita 30. Nitaongeza tu kwamba dira usiiache. Njoo Ujiji Jumamosi yoyote, nitakufundisha kuogelea pembe nne kwa dira kwenye mita sita, bure. Kadi haitatoka, ila utarudi ulikoanzia.

Kijana_wa_Bangwe

Shikamoo mzee wangu, na dada yangu ahsante sana. Nimesoma majibu yenu mara tatu.

Leo nimemuuliza mwenye mashua habari ya oksijeni. Mtungi upo. Tumeufungua pamoja, ulikuwa mtupu, na maski yake imepasuka kwenye mpira. Amenyamaza muda mrefu, kisha akasema kesho anaagiza maski mpya na atatafuta pa kuujazia. Wageni wa Alhamisi ameshawapigia simu kuwaambia wataogelea tu.

Nimeshaandikia kituo kimoja cha SSI Unguja kuuliza tarehe za Stress & Rescue, niende kwa treni hadi Dar kisha boti, na nirudi hivyo hivyo. Frontosa watasubiri, wako pale pale. Mzee, Jumamosi hii nakuja na dira yangu. Risasi nije na ngapi? Mimi ni kilo 68, suti milimita tatu.

Mzee_Ujiji

Njoo na tano. Tutaanza na nne.